Mgeni akikataa kutaja jina lake, tumnyime kitanda?

Swali la msomaji: "Shikamoo, mwalimu. Nina miezi mitatu tangu nianze kazi ya mapokezi, zamu ya usiku, katika kituo kinachowapokea watu wasio na makazi hapa Marekani. Kila anayeingia inanibidi nimjazie fomu ndefu kwenye kompyuta: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Hifadhi ya Jamii (ile ya utambulisho inayotolewa na serikali), ulemavu, jana alilala wapi. Wiki iliyopita alikuja mama na watoto wawili. Alikataa kutaja jina kamili na namba yake. Mwenzangu wa zamu akasema serikali hairuhusu kumpa kitanda mtu asiyejaza fomu, na kwamba tutakatiwa fedha. Mama akawashika wanawe mkono akaondoka. Je, ndivyo sheria isemavyo? Na hizi taarifa zinakwenda wapi, nani anazisoma?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo lililokunyima usingizi. Hapana, sheria haisemi hivyo. Kanuni za serikali kuu zinakulazimisha wewe kuuliza. Hazimlazimishi yule mama kujibu. Mwenzako amechanganya wajibu wa mhudumu na wajibu wa mgeni. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi hii ya kusimamia taarifa za vituo, na kosa hilo nimelikuta mara nyingi kuliko jingine lolote. Hutokea hata mahali penye watu wema, kwa sababu wanaofundishwa kutumia kompyuta hufundishwa mahali pa kubofya, hawafundishwi sababu.

Basi tuanze na sababu. Mfumo unaojaza kila usiku unajulikana kwa herufi HMIS, yaani mfumo wa kutunza taarifa za watu wasio na makazi, na umetokana na ubishi wa muda mrefu juu ya idadi. Mwaka 1984 Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo huku wote tunaiita HUD, ilikadiria kwamba watu wasio na makazi Marekani walikuwa kati ya 250,000 na 350,000. Watetezi wao, Mitch Snyder akiwa mstari wa mbele, walisema ni milioni 2 hadi 3. Hakuna upande uliokuwa na rekodi za kumshawishi mwingine. Mwaka 1987 Rais Reagan alisaini sheria iliyokuja kuitwa McKinney-Vento, fedha za serikali kuu zikaanza kwenda kwenye vituo, lakini bado hakuna aliyeweza kusema kama watu 100 waliolala kituoni mwezi huu ni watu 100 tofauti au ni 40 wanaoingia na kutoka.

Jibu lilianza kupatikana kwenye miji miwili iliyokuwa imetunza daftari zake vizuri. Watafiti Randall Kuhn na Dennis Culhane walichukua rekodi za vituo vya New York na Philadelphia, na mwaka 1998 wakachapisha walichokiona: takribani watu 8 kati ya 10 walioingia vituoni walikaa muda mfupi, wakatoka. Mmoja kati ya 10 alikaa muda mrefu mno, na kundi hilo dogo ndilo lililotumia karibu nusu ya siku zote za vitanda. Mpaka hapo wengi walidhani wote wanaolala vituoni wana shida ya aina moja. Kumbe wengi walihitaji msukumo kidogo, wachache walihitaji nyumba ya kudumu yenye huduma ndani yake. Hilo lisingejulikana kwa macho wala kwa huruma. Lilijulikana kwa sababu makarani wa zamu, watu kama wewe, waliandika nani kaingia na nani katoka.

Mwaka 2001 Bunge la Marekani liliiagiza HUD ikusanye taarifa za namna hiyo nchi nzima. Julai 2004 HUD ikatoa viwango vya kwanza vya mfumo, na mwaka 2009 sheria iliyosainiwa na Rais Obama ikaufanya ushiriki kuwa sharti la kisheria kwa wanaopokea fedha za ruzuku za HUD za kuhudumia watu wasio na makazi. Kwa hiyo mwenzako ana punje ya ukweli mkononi: kituo kilichopokea fedha hizo na kikakataa kabisa kuutumia mfumo kina tatizo na HUD. Ila sharti hilo liko juu ya kituo. Halikuwekwa juu ya mama mwenye watoto wawili mlangoni.

Sasa fungua ile fomu uitazame vizuri. Chini ya maswali mengi utakuta majibu matatu ambayo wengi huyapita bila kuyasoma. La kwanza, mteja hajui. La pili, mteja amependelea kutojibu. Zamani liliandikwa "amekataa", na nimefurahi lilipobadilishwa, maana neno "amekataa" linamfanya mtu aonekane mkorofi. La tatu, taarifa haikukusanywa. Hizi ni kauli tatu zenye maana tofauti. Ukibofya la tatu wakati hukuuliza, umesema kweli juu yako. Ukibofya la pili wakati hukuuliza, umemsingizia mgeni. HUD iliweka majibu haya makusudi, kwa kuwa waliotunga viwango walijua watakuwepo wasiotaka kujibu, na watapewa kitanda vilevile.

Kwenye jina lenyewe kuna nafasi zaidi. Mfumo unakubali jina nusu, jina la mtaani, hata jina la siri, mradi uweke alama inayoonyesha kwamba si jina kamili. Namba ya Hifadhi ya Jamii inaweza kuwekwa sehemu tu, kwa mfano tarakimu nne za mwisho. Tarehe ya kuzaliwa inaweza kuwa ya kukadiria. Na kuhusu namba hiyo kuna ulinzi wa zamani kuliko HMIS yenyewe: Sheria ya Faragha ya mwaka 1974 inakataza ofisi ya serikali, iwe kuu, ya jimbo au ya mji, kumnyima mtu haki au huduma kwa sababu amekataa kutoa namba yake, isipokuwa pale sheria ya nchi nzima inapodai namba hiyo. Viwango vya 2004 viliifuata njia hiyohiyo.

Mwenzako alitaja fedha, na hofu yake haikutoka hewani. Kila kituo kinapimwa kwa ripoti ya ubora wa taarifa. Ripoti hiyo huhesabu nafasi zilizoachwa wazi na pia majibu ya "hajui" na "amependelea kutojibu", na katika maeneo mengi matokeo yake huchangia alama wakati miradi inaposhindanishwa kwa ajili ya fedha. Msimamizi anayeona asilimia inapanda hushikwa na wasiwasi, wasiwasi hushuka hadi mapokezi, na mapokezi hugeuka kuwa kizuizi. Nakuelewa kabisa. Lakini mama mmoja asiyetaja namba hagusi chochote kwenye ripoti ya kituo cha watu mamia. Kinachoharibu ripoti ni mhudumu asiyeuliza, anayeuliza kwa sauti mbele ya foleni nzima, au, baya kuliko yote, anayebuni. Nimewahi kukagua rekodi za kituo kimoja nikakuta makumi ya watu "wamezaliwa" tarehe 1 Januari, wote. Ripoti yao ilikuwa safi, haina pengo hata moja, na haikuwa na faida yoyote. Afadhali pengo la kweli.

Kuna mahali ambapo kunyamaza kunamgharimu mgeni mwenyewe, nawe unapaswa kumwambia bila kumtisha. Kitanda cha usiku wa leo hakihitaji ushahidi. Nyumba ya kudumu yenye huduma, ile iliyotengwa kwa walioishi bila makazi kwa muda mrefu, inauhitaji: kwa tafsiri ya HUD mtu awe na ulemavu, na awe amekosa makazi kwa miezi 12 mfululizo, au mara 4 au zaidi ndani ya miaka 3 ambazo jumla yake inafikia miezi 12. Usiku ulioandikwa kwenye HMIS ni ushahidi mzuri wa hesabu hiyo. Mtu aliyelala kwenu siku 200 bila rekodi inayomtambulisha huenda akalazimika kuanza kutafuta barua za mashahidi. Kwa hiyo nikimkuta mtu anayesitasita, humwambia: leo lala, kesho au keshokutwa tutazungumza kuhusu rekodi, kwa sababu inaweza kukusaidia.

Umeuliza zinakwenda wapi. Hilo ndilo swali ninalotamani kila mhudumu aweze kulijibu bila kubabaika, maana mgeni akikuuliza ukaanza kumung'unya maneno, umemthibitishia hofu yake.

Ulichojaza kinaingia kwenye hifadhidata ya eneo lenu. Nchi imegawanywa katika maeneo karibu 400 ya kuratibu huduma hizi, na kila eneo huchagua mfumo mmoja na taasisi moja ya kuusimamia. Hakuna daftari moja la taifa lenye majina yote. Ripoti za kila mwaka zinazopelekwa HUD ni za hesabu za jumla: wangapi waliingia, walikaa siku ngapi, wangapi walipata nyumba, wangapi walirudi vituoni ndani ya miezi 6, 12 au 24. Programu za Wizara ya Maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, zina njia yake, na huko rekodi za mtu mmoja mmoja hupelekwa, hivyo ukimwandikisha mveterani kwenye programu hizo mwambie.

Ndani ya eneo lenu lakini, mambo ni tofauti. Maeneo mengi yanaruhusu vituo kushirikiana taarifa, ili mtu asisimulie maisha yake upya kila mlango anaobisha. Maana yake mhudumu wa kituo kingine, upande wa pili wa mji, anaweza kuandika jina na kuona kwamba mtu huyo alilala kwenu jana. Kuandika taarifa na kuwashirikisha wengine taarifa ni mambo mawili, na mgeni ana haki ya kukubali la kwanza akakataa la pili. Mwongozo wa HUD wa Januari 2017 kuhusu uratibu wa kuwapokea watu unasema waziwazi kwamba mtu asinyimwe huduma kwa kukataa taarifa zake zisambazwe, isipokuwa pale sheria ya nchi nzima inapozidai kama sharti la programu. Uliza msimamizi wa mfumo wenu namna ya kufunga rekodi isionekane na vituo vingine. Mifumo mingi ina uwezo huo, ingawa mara nyingi hakuna aliyewahi kuwaonyesha watu wa zamu ya usiku.

Viwango vya 2004 vinataka pia kuwe na tangazo mezani kwako linaloeleza kwa nini mnauliza, na tangazo la faragha ambalo mgeni akilitaka apewe. Mgeni anaweza kuomba kuona kilichoandikwa juu yake, apewe nakala, na adai kosa lirekebishwe. Taarifa zisizotumika tena zinatakiwa kufutwa, au kuondolewa utambulisho, miaka 7 baada ya kuandikwa au kubadilishwa mara ya mwisho. Kama tangazo lenu limefunikwa na ratiba ya kuoga, lifunue leo hii.

Na polisi? Wageni huuliza hili kuliko yote, hata wasiokuwa na kesi. Viwango vinaruhusu kituo kutoa taarifa pale kuna amri ya mahakama au hati iliyotolewa kisheria, au ombi la maandishi lililosainiwa na ofisa msimamizi, lenye kueleza taarifa gani zinatakiwa, kwa uchunguzi gani, na kwa nini taarifa zisizo na majina hazitoshi. Zingatia neno "vinaruhusu". Mbele ya amri halali ya mahakama kituo hakina ujanja, lakini mbele ya barua tu, kituo kinaweza kujiwekea sera kali zaidi, na vingi vimejiwekea. Ombi la mdomo viwango vinaliruhusu pale polisi wanapotaka kumtambua au kumpata mshukiwa, mtoro, shahidi muhimu au mtu aliyepotea, na kwa taarifa chache tu kama jina na tarehe ya kuzaliwa; hata hapo ni ruhusa, si lazima, na askari akija saa nane usiku kukuuliza kama fulani amelala humo, si wewe wa kuamua. Jibu lako ni moja: siwezi kuthibitisha wala kukanusha, naomba usubiri nimpigie msimamizi. Liandike kwenye karatasi, libandike ndani ya droo.

Nikuambie pia jambo jipya, kwa sababu litawafikia. Tarehe 24 Julai 2025 Rais Trump alisaini amri ya kiutendaji inayoielekeza HUD ichukue hatua za kuwataka wanaopokea fedha za huduma hizi wakusanye taarifa za afya za wahudumiwa, na kuzitoa kwa vyombo vya dola katika mazingira ambayo sheria inaruhusu. Yasome maneno hayo ya mwisho kwa makini. Amri ya rais haifuti sheria zilizotungwa na Bunge, na rekodi za matibabu ya ulevi na dawa za kulevya, kwa mfano, zina ulinzi wake wa kisheria ulio mkali. Kwa maoni yangu mwelekeo huu ni wa hatari, na nalisema hili kama mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwaomba watu waamini fomu hizi. Idadi ya Januari 2024, watu 771,480 kwa usiku mmoja, ilikuwa kubwa kuliko zote hadi wakati huo, tangu HUD ianze kutoa hesabu hizo mwaka 2007. Watu hao wakianza kuamini kwamba meza ya mapokezi ni dawati la polisi, watalala chini ya madaraja, na hatutajua hata ni wangapi. Wakati huohuo maveterani wasio na makazi wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 2010, na miji iliyofanikiwa sana iliwafuatilia kwa majina, mmoja mmoja, kila wiki, huku nyumba zikiwepo za kuwapa. Wale walitaja majina yao kwa sababu walipewa ufunguo.

Turudi kwa yule mama. Mama mwenye watoto, usiku, hataki kutaja jina kamili: jambo la kwanza linalonijia ni kwamba anamkimbia mtu. Hapa kuna kanuni ambayo watu wengi wa vituo vya kawaida hawaijui vizuri. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, ilipohuishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ilivikataza vituo maalumu vya wahanga wa ukatili wa nyumbani kuingiza taarifa za kuwatambulisha wateja wao kwenye HMIS. Vyenyewe hutumia hifadhidata ya pembeni, inayofanana lakini isiyoungana na nyingine. Katazo hilo linakihusu kituo cha aina hiyo, halimfuati mhanga kila aendako. Akija kwenu, kituo cha kawaida, taarifa zake zinaweza kuingia kwenye mfumo ambao watu wengi wa eneo hilo wanausoma. Na anayemtafuta huenda ana ndugu, rafiki au mpenzi anayefanya kazi kwenye mojawapo ya vituo hivyo. Mama yule huenda aliijua hatari hiyo kuliko sisi wenye vyeti vya mafunzo.

Akirudi, au akija mwingine kama yeye, mpeleke pembeni kwanza, watoto wakae. Mpe kitanda. Mwulize kama yuko salama, na kama kuna mtu hapaswi kujua aliko. Akisema yupo, mweleze kwamba kuna vituo maalumu visivyotumia mfumo huu, mpe simu apige mwenyewe kama anataka. Akibaki kwenu, andika jina analokubali kuitwa, weka alama kwamba si kamili, bofya "amependelea kutojibu" kwenye namba, na umpigie msimamizi wa mfumo asubuhi afunge rekodi. Usiandike kisa chake kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Sehemu hiyo nimeikuta imejaa siri za watu ambazo hakuna aliyeziomba.

Nitaongeza jambo moja la tahadhari. Haya niliyoeleza ni ya vituo vyenye fedha za HUD. Kituo kinachoendeshwa kwa michango tu kinaweza kuwa na masharti yake, na baadhi ya majimbo na miji ina sheria zaidi, nyingine za kulinda, nyingine za kudai uthibitisho kabla ya kupokea familia. Uliza kwa maandishi fedha zenu zinatoka wapi, na uombe sera ya faragha ya kituo. Ukimwendea msimamizi wako, usiende na lawama juu ya mwenzako. Nenda na ile sera mkononi, mwonyeshe yale majibu matatu kwenye fomu, mwombe nusu saa ya kikao na watu wa zamu zote.

Kama unataka kumtafuta yule mama, ipo njia. Kila wilaya ya shule Marekani inapaswa kuwa na mratibu wa watoto wasio na makazi, kwa sheria ileile ya McKinney-Vento, na watoto hao wana haki ya kuandikishwa shuleni mara moja hata kama hawana karatasi yoyote. Mpigie mratibu huyo. Usimwulize kama watoto wako kwake. Hana ruhusa ya kukuambia, wala wewe usimweleze mengi kuhusu usiku ule. Mwachie ujumbe wa jumla tu: kwamba familia yoyote anayoihudumia ikihitaji pa kulala, ije kwenu, iulizie zamu yako, na haitahitaji kutaja jina kamili mlangoni.